Mkungu wa Kila Jumamosi: Historia ya Marehemu Gidioni Aminieli Macha

Mchungaji, wazee wa ukoo, wafiwa wenzangu, na ninyi mliopanda kutoka mjini, poleni kwa msiba na poleni kwa kupanda. Mimi ni Eliakim, kaka mkubwa wa marehemu. Kamati iliniandikia karatasi nzuri ya kusoma, ila ilisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, na huo ni uongo, kwa hiyo nimeiacha ndani, nitasoma hii niliyoandika mwenyewe.

Gidioni alizaliwa tarehe 9 Juni 1970 hapa hapa Kidia, Old Moshi, katika kihamba hiki, shamba la ukoo tulimokusanyika, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Aminieli na Mama Martha, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1978 hadi 1984, hakuchaguliwa kuendelea na wala hakununa, alishika jembe akamsaidia mama kwenye kahawa. Mwaka 1989 alianza kazi mlimani akiwa mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa kule, mwaka 1996 akapandishwa kuwa mpishi, na nawaambieni, mtu aliyeweza kupika mtori wa ndizi ukaiva kwenye baridi ya kambi ya Barafu hakuwa mtu wa mchezo.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Elinipendo, wakajaliwa watoto wawili, Stella na Jesse. Pombe ilimwingia kidogo kidogo, na mwaka 2019 ikamponza, alilewa kambini, akasinzia, hema la jiko likaungua, hakuna aliyeumia ila kazi iliisha siku hiyo. Mwaka 2021 Elinipendo alichoka, akarudi kwao na watoto, na sisi ndugu badala ya kumwonya wa kwetu tukamsema yeye. Shemeji, tulikukosea.

Januari 2023 alitapika damu kwa mara ya kwanza, daktari akamwambia ini limeharibika, akirudia kunywa hatafika mbali. Ukutani pale zahanati palikuwa pamebandikwa karatasi ya kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, wanaokutana Majengo, kule mjini, kila Jumamosi saa nne asubuhi katika darasa la chekechea. Tarehe 11 Februari alishuka, akasimama nje mpaka kikao kikaisha, akarudi nyumbani bila kuingia, lakini tangu siku hiyo hakuonja tena, na Jumamosi iliyofuata aliingia, akakaa kwenye kiti cha mtoto magoti yakikaribia kidevu, akataja jina lake, akasema pombe imemshinda.

Haya yote nimeyajua wiki hii. Sisi alituambia anakwenda kuuza ndizi, kila Jumamosi akibeba mkungu begani, nasi tukamcheka, maana kwetu ndizi sokoni ni kazi ya wanawake, na hata hela yenyewe haikuonekana. Kumbe ndizi zile zilipikwa palepale, wakala wote baada ya kikao. Hakuona haya kuitwa mama wa ndizi, aliona haya sisi tujue kwamba ameacha pombe. Jamani, hebu lifikirieni hilo.

Elinipendo alirudi nyumbani Agosti 2024, tukashangaa, hatukuuliza. Tarehe 28 Desemba 2024, Jumamosi, wakwe walileta mahari ya Stella, na mnajua kwetu baba wa binti ndiye anayeonja kwanza kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, asipoonja ni kama amemkataa mkwe. Wiki nzima aliniomba nionje kwa niaba yake, nikakataa, nikasema sitaanza mila mpya uzeeni. Siku ile alishika kata, akanitazama, nami mbele ya wazee nikamwambia aonje bwana, mbege si pombe, mbege ni chakula. Watu wakacheka. Akaonja. Zilikuwa zimetimia siku mia sita themanini na sita bila pombe, alikuwa akizihesabu kwenye daftari, na daftari linaishia hapo.

Mwezi uliofuata Mama Mektrida wa Kirua Vunjo, anayeongoza kikundi, alipanda na wenzake wawili kumtafuta, nikawazuia pale kwenye masale ya mpaka, nikasema amesafiri, kwa kuwa walitaja pombe, nami bila kuuliza wamemjuaje niliona aibu watu wa mjini kuja kumwita ndugu yangu mlevi. Hakuwa amesafiri. Alikuwa chumbani amelala, amelewa, na sikumwambia kamwe kwamba walikuja.

Alilazwa tarehe 22 Septemba 2025, tumbo limejaa maji na macho ya manjano, na Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa nane mchana, alifariki huku Elinipendo akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, wagumu wenzake mliolibeba jeneza mabegani, na ninyi wa Majengo mliokaa kule nyuma kana kwamba hamhusiki. Mama Mektrida, sogea mbele. Hili ni jani la sale, ambalo kwetu huombewa msamaha, wewe ni wa huku, unajua halikataliwi. Nakuomba msamaha wewe, na Elinipendo, na Stella, na Jesse. Aliyestahili kulipokea yuko kwenye sanduku, na hilo litaniuma mpaka nife.

Mbege ya matanga iliyokuwa nyuma ya nyumba nimeimwaga asubuhi, mwenye kiu atapewa chai. Na hii karatasi mnayoiona inatetemeka, si uzee, wala si msiba peke yake, ni kwamba tangu jana sijanywa, kwa sababu mimi pia pombe imenishinda. Jumamosi nitakata mkungu nishuke nao Majengo, na atakayeniuliza njiani ninakokwenda, nitamwambia.

Gidi, mdogo wangu, pumzika kwa amani.