Sifa Tulizompa Évode

Kijiwe chetu kiko Biryogo, ubavuni mwa cherehani ya fundi Maneno. Tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kushona joho la wakili mmoja, basi. Jean-Bosco ni Redio, huyo hazimiki. Mwenye kigoda cha mto ni Évode, fundi ujenzi aliyeanguka kwenye jengo kule Kinyinya mwaka juzi, na tangu hapo anatembea na gongo. Aliomba pensheni ya ulemavu, ofisi ikamnyima, eti kazi anaiweza. Akaenda mahakamani, na kesho jaji anaangalia kama ofisi ilikosea. Asubuhi hiyo tulikuwa tunakunywa kahawa tukitafuta kosa ni la nani.

— Kosa ni la daktari wa ofisi, sha, akaanza Maneno. Alipima ule mguu mzima!

— Miguu iko miwili, akajibu Redio. Si angepima yote?

— Mchagua jembe si mkulima!

— Jembe limeingiaje hapa? Mimi najua, ni kompyuta. Jina la Évode lina kimstari juu ya E. Kompyuta ikiona kile kimstari inadhani mtu anapanda ngazi!

Tukacheka, Évode naye.

— Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema. Mimi la mkuu nilisikia. Akasema panda, nikapanda. Guu likavunjika vilevile.

Hapo hatukucheka sana.

Mara akatokea Peace, mpwa wake, ameshuka basi la Kabuga na nakala ya faili kwapani. Hata kukaa hakukaa.

— Mwaramutse, wazee. Mjomba, sababu nimeipata. Ofisi ilituma mkaguzi huku. Ameandika: "Majirani watatu wa kijiwe cha cherehani wanasema Évode ana nguvu kama trekta, anabeba mifuko miwili ya saruji, na Jumapili anacheza mpira."

Mana yanjye! Nikaangalia viatu vyangu.

— Mama wa gauni la bluu? akauliza Maneno. Mwenye daftari?

— Huyohuyo.

— Yewe! Sisi tulidhani ni wa upande wa posa! Anauliza, Évode ana mke? Anaishi na nani? Afya yake je? Sasa binti yangu, mtu akikuulizia rafiki yako mgane namna hiyo, utasema ni kiwete?

Ndivyo tulivyolelewa: jirani akiuliziwa kwa posa, unampamba. Trekta ni ya Maneno, mpira ni wa Redio. Saruji niliisema mimi, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Siku ile tulipomwambia Évode kuna mama anamuulizia, alikwenda kununua shati.

— Kwa hiyo hakuwa... akaanza Évode, akaacha.

— Kesho saa tatu jaji anasikiliza mashahidi, akasema Peace. Nani kati yenu atasimama mbele yake aseme alidanganya?

Hata Redio alizimika. Maneno akainua birika atumiminie. Halikutoa kitu.

Évode akavuta gongo lake.

— Waache, Peace. Walinitakia mke.

Wakaondoka polepole. Walipofika kwenye kona, Maneno akaruka, kofia kichwani, utepe wa kupimia bado uko shingoni, nami na Redio nyuma yake.

— Évode, ngoja! Huko mahakamani, shahidi anaruhusiwa kuingia na kofia?