Walburga Luambano na Fungu Lisiloguswa la Maabara

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Ruhuwiko. Wasifu huu marehemu aliupitia mwenyewe akiwa kitandani, akafuta maneno mengi ya sifa, na akamwagiza kaka yake Aidan, anayeusoma sasa, asipunguze hata mstari mmoja. Atakayekereka avumilie. Wenye msiba wamekereka kabla yake.

Walburga Kajetani Luambano alizaliwa hapa Ruhuwiko tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu kati ya watano wa hayati Mzee Kajetani Luambano na Mama Lidwina Haule. Akiwa na miaka tisa alikabidhiwa upawa, naye akapakua chakula kwa ukali ambao ndugu zake hawajausahau. Siku moja kaka yake huyu huyu alijichukulia vipande viwili vya samaki, mbasa wa ziwani, akala kimoja, cha pili akakiacha kikipoa huku mdogo wao wa mwisho akilamba mchuzi mtupu. Walburga alimtazama kwa kinyaa, akakiondoa kile kipande, akampa mdogo wao. “Umechukua ili kionekane kwenye sahani yako tu,” alisema.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa Songea, akapata stashahada ya teknolojia ya habari mjini Mbeya mwaka 2006, na shahada yake Dodoma mwaka 2013 akiwa tayari ni mama. Hesabu alizipenda. Watu wanaosema “hii haina shida” kabla ya kuangalia, hao hakuwapenda kabisa.

Tarehe 8 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Otto Mapunda, muuza pembejeo wa Majengo, mtu mpole ambaye hajawahi kuelewa mke wake alikuwa anafanya kazi gani, lakini kila jioni aliuliza na kusikiliza mpaka mwisho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jane na Kajetani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tangu Februari 2009 alikuwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali moja ya binafsi ya mjini, ambayo familia imeamua kutoitaja, kwa kuwa jina hilo lina ladha mbaya mdomoni. Hospitali ilikuwa na seva moja kubwa. Ndani yake Walburga alitengeneza kompyuta pepe saba, yaani kompyuta zisizo na umbo, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake: ya maabara na akiba ya damu, ya wodi ya wazazi, ya duka la dawa, na nyingine za ofisini. Zote zilikula kwenye prosesa zile zile na memori ile ile. Wasimamizi wengi hugawa memori kuliko iliyopo, wakitegemea kwamba zote hazitaihitaji kwa wakati mmoja. Hata yeye alizifanyia hivyo kompyuta za ofisini. Lakini maabara na wazazi aliwatengea fungu lisiloguswa, liwe linatumika au limelala.

Kila Jumatatu aliwaita wakuu wa idara, akawaonyesha kila mmoja kiasi alichopewa na kiasi alichotumia kweli, na mwenye ziada akairudisha mbele ya wenzake. Walinung’unika, lakini walirudisha. Mmoja tu hakurudisha. Mkurugenzi alikuwa na kompyuta pepe yake, kubwa kuliko zote, na kazi yake ilikuwa kuendesha skrini ya ukumbi wa mapokezi. Skrini hiyo ilionyesha grafu zinazopandapanda, ndege wanaoruka, na picha ya Mkurugenzi akitabasamu. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wakiitazama picha hiyo tangu asubuhi, na Walburga kila akipita pale aligeuza uso.

Tarehe 17 Mei 2023, Jumatano, saa nne asubuhi, wageni wakubwa walikuwa njiani na skrini ilikuwa inakwamakwama. Mkurugenzi alimwita.

“Punguza maabara nusu, weka ukumbini.”

“Bosi, lile ni fungu la akiba ya damu. Hatuligusi.”

“Dakika ishirini tu, Walburga. Unataka niaibike?”

Marehemu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikaa kwenye kiti chake, akaondoa ulinzi alioweka mwenyewe, akapunguza memori ya maabara nusu na prosesa zake nusu, akabonyeza kukubali. Kisha akaamriwa asimame ukumbini kuilinda skrini isikwame tena. Ndege wakaruka vizuri. Wageni wakapiga makofi, wakanywa soda, na zile dakika ishirini zikawa saa moja na dakika arobaini.

Muda huo huo wodi ya wazazi ilikuwa na Zuhra, miaka ishirini na minne, aliyeletwa kutoka Tunduru. Alikuwa amejifungua na damu haikati. Swalehe wa maabara alikuwa na jokofu lenye damu mbele yake, lakini mfumo wa kuonyesha chupa zipi zimepimwa na ni za kundi gani uliganda, na daftari la karatasi Mkurugenzi alikuwa amelipiga marufuku miezi miwili nyuma, akisema makaratasi ni ushamba. Swalehe alipiga simu ofisi ya kompyuta na hakukuwa na mtu. Akaanza kupima upya chupa moja moja. Zuhra alifariki saa sita kasoro dakika kumi. Mtoto alipona. Madaktari walisema huenda angefariki hata kama damu ingewahi. Hakuna anayejua, na Walburga hakuwahi kujificha nyuma ya hiyo huenda.

Taarifa ya hospitali iliandika “hitilafu ya umeme”. Umeme haukukatika siku hiyo hata sekunde moja. Kwenye msiba wa Zuhra walipeleka kreti mbili za soda na kalenda yenye picha ya Mkurugenzi. Familia inarudia ili isikike vizuri: kalenda, kwenye nyumba ya mfiwa. Uongo ule ulimkinga Walburga pia, na hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote. Angenyamaza tu, angebaki na kiti chake.

Siku ya arobaini alipanda basi kwenda Tunduru. Alimkuta Hassani, mume wa Zuhra, mkulima wa korosho, akaketi mkekani na kumweleza yote, pamoja na kidole kilichobonyeza.

“Dada yangu,” Hassani alisema, “nimekusikia. Kukusamehe leo siwezi. Lakini wewe umekuja. Uje tena umwone mtoto.”

Alikwenda kila mwezi. Aliporudi Songea kutoka safari ile ya kwanza aliandika barua yenye ukweli kwa bodi, akahamishiwa stoo ya mashuka, na tarehe 30 Septemba 2023 akaacha kazi. Tangu hapo alitengeneza kompyuta za watu kwenye chumba cha nyuma cha duka la Otto.

Agosti 2024 alianza kuumwa tumbo, na Oktoba ikathibitika ni saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani na mama yake. Kaka yake alipoandika rasimu ya kwanza ya wasifu huu, aliandika kwamba Mkurugenzi ndiye aliyeinyima maabara. Walburga aliomba kalamu.

“Kaka, andika nilibonyeza mimi.”

“Ulilazimishwa, mdogo wangu. Watu watakusema vibaya makaburini.”

“Waseme. Yeye aliamuru, mimi nikabonyeza. Andika yote mawili, usiniandikie umeme mwingine.”

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini. Jana hospitali ilituletea aya ya kuingiza humu, inayomwita mtumishi mtiifu, pamoja na picha ya Mkurugenzi akimkabidhi cheti. Tumeirudisha. Utii wake ndio uliomtesa mpaka kufa, na wao wanautaka kwenye programu ya mazishi.

Marehemu ameacha mama, Lidwina Haule. Mume, Otto Mapunda. Watoto wawili, Jane na Kajetani. Na ndugu wanne. Aliagiza aongezwe mmoja, na isiandikwe kuwa ni mwanawe, kwa sababu si wake. Iandikwe hivi: Mwanne binti Hassani, wa Tunduru, mwaka mmoja na miezi minane, ambaye mama yake alisubiri damu. Amekuja leo na baba yake. Wamekaa pale, karibu na Mama.

Bwana ampokee Walburga, na ampumzishe pamoja na Zuhra.