Madame Musoki Amefika Sura ya Uzee

Tarehe 31 Julai 2025, Madame Geneviève Musoki anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha saikolojia ya makuzi katika taasisi yetu ya walimu hapa Bunia. Mimi Augustin, jirani yake wa ofisi, nimeombwa niandike wasifu wake kwa heshima na kwa ufupi. Heshima ataipata. Ufupi siuahidi, maana mwenyewe hajawahi kumaliza kipindi kengele ilipolia.

Alitoka Butembo mwaka 1993, mke wa Paluku muuza vitenge, akiwa na diploma mkononi na mimba ya miezi saba. Wiki ya pili tu alifundisha makuzi ya mtoto tumboni kwa kutumia tumbo lake mwenyewe: kichwa kiko hapa, miguu hapa, na huyu anawasikia, basi msiseme upuuzi. Wanaume wa darasa lile walitazama dirishani. Kabla ya Noeli walikuwa wamezoea, na mtoto alipozaliwa wakamletea kuku wawili.

Picha za ukutani hakuzitaka. Aliwatuma wanafunzi sokoni wakaangalie watoto wanaotambaa kati ya mifuko ya maharagwe, na vijana wauza samaki wa Mahagi-Port ambao sauti huwavunjika katikati ya kutaja bei. Aliyerudi na maneno aliyonakili kitabuni alirudishwa sokoni siku hiyo hiyo.

Watoto wengi wa mji huu wana deni la shukrani kwake bila kujua. Shule zilikuwa zikimpima mtoto wa mwaka wa kwanza kwa mkono: upitishe juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, umri umetosha. Familia zilipokimbia mapigano ya Djugu, watoto walifika hapa bila karatasi ya kuzaliwa, mikono haikufika sikioni, wakarudishwa nyumbani. Madame alizunguka shule baada ya shule akieleza kwamba njaa hufupisha mkono lakini haipunguzi miaka. Akawafungua watoto midomo, akaonyesha meno ya utoto yaliyong'oka na ya ukubwa yaliyoota. Mkurugenzi mmoja wa shule alimwambia kwamba meno si kazi ya saikolojia. Basi Madame aliketi humo ofisini mwa mkurugenzi mpaka watoto wakaandikishwa. Nilikuwapo, na siku hiyo sote watatu tulikosa chakula cha mchana.

Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma, na idara nzima tulilijua. Somo lake linaanzia tumboni na kuishia uzeeni, na hakuwahi kufika uzeeni hata mara moja. Mwaka huu vita, mwaka ule mgomo, mara Ebola, mara korona. Kozi ilikatika kwa vijana wanaoota ndevu au, mwaka ukiwa mzuri, kwa watu wa miaka arobaini. Tangu mwanzo tulimtania kwamba kwa Madame Musoki hakuna anayezeeka, naye alicheka pamoja nasi.

Alicheka hadi mwaka 2003. Fiston, mwanafunzi mwenyeji wa Kpandroma aliyekuwa ametoka kuzika kaka zake wawili waliouawa vitani, alimwambia darasani, bila ukali wowote: "Madame, ile chapitre muache tu. Iko ya batu ya inchi ingine. Huku kwetu batu habafikake kule." Yaani sura ya uzee ni ya watu wa nchi nyingine, kwao watu hawaufikii. Baadaye aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo sura ile haikuwa tena suala la programu. Kama vijana wa Bunia hawafundishwi uzee, alisema, ni kama sisi walimu tumekubaliana na Fiston.

Mwaka wake wa mwisho nao ukaanza vibaya. Masomo yalisimama kwa wiki kadhaa, barabara ya Iga Barrière ikawa haipitiki, wanafunzi wakakwama makwao. Mimi mwenyewe nilimshauri aishie kwa watu wazima, apumzike. Alinitazama kana kwamba nimemtilia chumvi kwenye chai. Kisha akahamishia kipindi alfajiri, akaongeza Jumamosi, akapunguza hata sura ya tumboni anayoipenda kuliko zote.

Jumamosi ya mwisho ya Juni alifika darasani akakosa pa kupita. Habari zilikuwa zimetembea kwenye simu. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamebanana kwenye madawati na wale wa sasa: wakurugenzi wa shule, wachungaji, mama mmoja aliyelala njiani ili awahi, wote mvi na miwani. Fiston alikuwamo, ana kitambi na mjukuu. Akasimama kwa niaba ya wenzake: "Madame, tumekuya kuchukua chapitre yetu yenye ilibakia." Madame aligeukia ubao. Alilia, tusifiche.

Kisha akafundisha asubuhi nzima. Jinsi mifupa inavyopungua uzito, jinsi masikio yanavyopoteza kwanza sauti nyembamba, jinsi mikono ya bibi wa miaka sabini inavyoweza bado kujifunza kazi mpya. Aliwaomba wote wainuke kwenye benchi bila kujishika. Vijana waliruka, wazee wakaguna, darasa likacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Mwishoni Rebecca wa mwaka wa kwanza, aliyekimbia Djugu akiwa mdogo, aliuliza yeye atakuwaje akifikisha miaka themanini. Madame alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamjibu kama anayempimia nguo: atakuwa mfupi kidogo kuliko leo, atahitaji miwani, magoti yatamsumbua wakati wa mvua, kwa hiyo aanze kutembea sana sasa. Rebecca akaandika yote.

Madame Musoki, kwa niaba ya wafanyakazi wote, aksanti sana. Mumeo Paluku sasa atakuwa nawe nyumbani mchana kutwa, Mungu amjalie uvumilivu. Nasi tunakutakia uzee mrefu, hapa hapa Bunia, mbele ya macho yetu.