Abiria Washuke au Wasishuke Mwabusenge

Risala ya Kikundi cha Gati, Mwalo wa Mwabusenge, kwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Meli za Ziwa Pana, Julai 1999

Mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi. Ndugu Shigela, Mwenyekiti wetu wa kijiji. Wazee, kina mama, na wote mliokaa juani pamoja nasi: mwangaluka.

KARIBU

Sisi wanakikundi cha Gati, wanawake ishirini na saba na wanaume kumi na wanne, tunakushukuru kwa kufika. Tunajua barabara ya kutoka Bariadi imekutesa. Tunajua pia kilichokuleta. Mwezi ujao meli yako inapita tena katika ghuba yetu, na ni wewe utakayeamua kama abiria wake washuke hapa au wabaki ndani.

Risala ya kwanza tuliyoiandika ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema Mwabusenge ni pazuri na kila kitu kiko tayari. Tuliisoma wenyewe juzi kikaoni na hakuna aliyepiga makofi. Hii ni ya pili. Mwenyekiti ameisikia yote na amekubali isomwe, ingawa na yeye ametajwa humu.

HISTORIA YA GATI

Zamani tuliishi kwa samaki na pamba. Lilipokuja soko huria, ghala la ushirika lilifungwa, wanunuzi binafsi wakawa wanaishia Lamadi, na vijana wetu wakakaa bila kazi. Mwaka 1993 akarudi nyumbani Constantine Ngeleja. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani wa abiria kwenye meli za ziwa hili kwa miaka kumi na tisa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Alirudi na mkewe, Kwandu, na sanduku moja la bati.

Ngeleja ndiye aliyesikia kwamba kampuni yako itazungusha watalii ziwani, na kwamba wengine watataka kushuka upande huu waingie hifadhi ya Serengeti. Akaitisha watu. "Mtu wa meli hashuki mahali anapoona matope," alisema. "Mpeni pa kukanyaga, atashuka."

Tukabeba mawe miezi minane. Mzee Elia alipondwa mkono na jiwe, mpaka leo haukunji vidole. Juni 1996 gati lilikuwa tayari na meli ikaja. Tulipiga ngoma yetu ya bugobogobo mpaka ngozi zikalegea. Abiria walisimama juu, wakatutazama kwa darubini saa nzima, wakaondoka. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu vilevile. Mhudumu mmoja wa meli akamwonyesha Ngeleja kijitabu wanachogawiwa abiria. Chini ya jina letu paliandikwa: "Hakuna cha kuona. Ni afadhali kubaki melini."

Hakutuficha, alitusomea. Kisha akaanza kuandika barua. Aliandika mwaka mzima, kwa mwandiko ule wa ofisini, mpaka kampuni ikakubali. Siku ya Alhamisi, tarehe 18 Desemba 1997, abiria ishirini na sita wangeshuka, wale chakula cha mchana, waone ngoma, wanunue mikeka yetu.

YALIYOTOKEA JUMA LILE

Ndugu Mgeni rasmi, utakumbuka mvua za mwaka ule. Ziwa lilipanda likaingia kwenye vyoo, na sisi tulikuwa tunakunywa ziwani. Siku ya Jumatatu, mtoto Joyness, wa miaka tisa, alianza kuharisha wakati wa kutoka shamba. Jumanne kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amekufa. Mama yake ni Elizabeth, katibu wa kikundi hiki, ndiye anayekusomea.

Jumatano walikuwa wagonjwa saba. Kila mmoja wetu alijua ni kipindupindu na hakuna aliyelitamka neno hilo. Mwenyekiti Shigela alituita nyuma ya ghala la ushirika.

"Meli inakuja kesho," alisema. "Tukilitaja hilo neno tumekwisha. Wagonjwa wakae humu ghalani, mlango ufungwe. Wageni watakula, watacheza, watakwenda zao. Keshokutwa tunaita daktari. Anayekubali anyooshe mkono."

Tulinyoosha wote. Ngeleja alinyoosha. Elizabeth, aliyekuwa amemzika Joyness jana yake, na mwanawe wa pili, Mabula, amelazwa humo ghalani, naye alinyoosha. Alifikiri kwamba wageni wakishuka pengine mmoja wao atakuwa na dawa. Au hakufikiri kitu. Hajui mpaka leo.

Haya yanayofuata tuliambiwa na Kwandu baadaye. Alhamisi asubuhi Ngeleja alivaa shati lake jeupe la meli, akatembea mpaka gatini kuona maandalizi. Meza zilikuwa zimepangwa. Kina mama walikuwa wameinama ukingoni wanasuuza bilauri za wageni katika maji yale yale. Alisimama akawatazama. Dada mmoja akamwuliza kama bilauri zinatosha. Akasema zinatosha. Kisha akarudi nyumbani kuchukua kasia.

"Unakwenda kuwapokea?" Kwandu alimwuliza.

"Ndiyo."



 Alimshika mkewe bega, akatoka.

Meli ilikuwa imeonekana. Sisi tulipomwona anapiga kasia kuielekea tulishangilia, tukidhani ni heshima za kimeli. Ngoma ziliongezwa. Alifika ubavuni mwa meli, akasimama ndani ya mtumbwi wake, abiria wamejaa ukingoni mwa meli na kofia zao, wengine wanampungia.

"Kapteni, usifunge kamba!" aliita. "Usishushe mtu. Kuna kipindupindu."

Kapteni aliinama. "Una hakika, mzee?"

"Tumezika mtoto juzi. Nilishika jeneza."

"Sasa mbona wanapiga ngoma?"

 Kapteni akamwuliza tena, anataka nini, na hapo, alivyomwambia mkewe baadaye, ndipo Ngeleja alipogundua kwamba hakuwa amefikiria zaidi ya kuwazuia. Akasema, "Dripu. Na mtu anayejua kutundika."

Kapteni alisema dawa zipo kidogo na atazitoa, lakini mtu hawezi kumpa. Wakati wanabishana, bibi mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye nywele nyeupe, alikuwa ameshaanza kuteremka ngazi na mkoba begani. Jina lake Wilhelmina. Alikuwa muuguzi kwao mpaka alipostaafu. Kapteni alimwambia ni marufuku. Alisaini karatasi kwamba lolote likimpata ni juu yake mwenyewe, akaingia mtumbwini.

Huyo ndiye abiria pekee aliyewahi kukanyaga gati letu. Alipita katikati ya wacheza ngoma bila kugeuka, na ngoma zikanyamaza moja moja. Mlango wa ghala ukafunguliwa. Wagonjwa walikuwa wamefika kumi na tisa. Bibi yule alipiga magoti kwenye sakafu ile, tusiseme ilikuwaje, akatundika chupa kumi na mbili za dripu kwenye misumari ya mizani ya pamba. Ngeleja alimshikia taa, akawa mkalimani wake, akatufundisha sote kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa. Saa kumi jioni meli ilipiga honi na akaondoka. Watatu walikufa. Kumi na sita walipona, Mabula akiwa mmojawapo.

TULIYOYAFANYA SISI

Hapa katika risala huandikwa mafanikio.

Kapteni alitoa taarifa, kama alivyopaswa. Maofisa wa afya walikuja, mwalo ukafungwa wiki sita. Samaki walioza, mikeka ikabaki imeviringishwa, na barua ikaja kwamba kituo cha Mwabusenge kimefutwa. Tukatafuta wa kumlaumu.

Mtumbwi wa Ngeleja tuliupasua kwa mashoka mchana, watu wakitazama. Tuliofanya hivyo tupo hapa, wengine tumevaa sare za kikundi. Kwandu akifika kuchota maji, tuliondoka. Akitandaza dagaa wake sokoni, tulipita. Watu ambao mishipa yao ilikuwa bado na alama za sindano walimwita mumewe msaliti.

Februari alikuja kwenye mkutano wa kijiji bila kuitwa.

"Nilinyoosha mkono kama ninyi," alisema. "Sikatai. Ila asubuhi niliona zile bilauri. Wale watu walikuwa wanatuamini."

"Na sisi je?" mtu alimpigia kelele. "Sisi hatukukuamini?"

"Mliniamini," alisema. "Ndiyo maana sikuweza kuwafanya wauaji."

Tulimzomea mpaka akakaa. Elizabeth hakuzomea, lakini hakusimama kumtetea pia. Jioni alikwenda kwa Kwandu kwa njia ya nyuma, asionekane, akamwambia kama binti kwa mama yake, "Mayu, mwanangu anatembea." Kwandu alimpa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ampelekee mtoto, akamsimulia haya tuliyoyasoma. Machi 1998 walifunga nyumba, wakaenda kwa miguu mpaka Lamadi, wakapanda basi la Bariadi. Ngeleja anapakia marobota ya pamba kiwandani huko. Ana miaka hamsini na nane. Agosti mwaka jana Kwandu alifariki. Habari zilitufikia akiwa ameshazikwa siku nne. Hakuna mtu wa Mwabusenge aliyekuwa msibani.

HALI ILIVYO SASA

Gati limesimama. Kati ya kaya sitini na tatu, arobaini na moja zimechimba choo. Kisima hatuna. Tulichimba mara mbili, tukapata maji ya chumvi na mwamba. Zahanati ina jengo, muuguzi hana siku maalumu ya kuja, na siku hizi matibabu ni kuchangia, hivyo wengi husubiri mpaka wabebwe. Mwezi uliopita watu wawili waliharisha siku tatu. Walipona. Hatujui ilikuwa nini. Kikaoni wapo waliosema tusikutajie hilo, na majibizano yalichukua saa mbili.

MAOMBI

Ndugu Mgeni rasmi, tunahitaji wageni washuke. Hakuna njia nyingine ya riziki tunayoiona kutoka hapa tulipo. Hata hivyo tunakuomba mwezi ujao usiwashushe. Meli ipite. Utuletee kwanza wataalamu wa kuchimba kisima kirefu, au utusemee kwa wanaoweza, na siku maji yake yatakapopimwa, tutaandika sisi wenyewe kuwaita.

Tunaomba pia kijitabu kirekebishwe. Maneno kwamba hapa hakuna cha kuona yaondolewe. Yaandikwe ya kweli, kwamba maji bado si salama.

Ombi la mwisho ni la safari yako ya kurudi. Leo utalala Bariadi. Tumetuma watu kwa Ngeleja mara mbili, na mara zote mbili alitoka mlango mwingine. Wewe hakujui, pengine atakusikiliza. Tafadhali umpe nakala ya risala hii. Hatumwombi arudi, hatuna uso wa kuomba hivyo. Ila nyuma ya ukurasa wa mwisho ataona majina kumi na sita. Kila aliyepona ghalani ameliandika lake kwa mkono wake, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Jina lililo kubwa kuliko yote, lililopinda mpaka nje ya mstari, ni la Mabula. Ameanza darasa la kwanza mwaka huu.

Mungu akufikishe salama, awape abiria wako maji tulivu, na amrehemu Kwandu, ambaye sisi hatukumzika.

Ni sisi,
Kikundi cha Gati, Mwalo wa Mwabusenge
Imesomwa na Elizabeth, mama Joyness, Katibu