Swali la Mfuga Nyuki

Fundi cherehani alikaa nyuma ya mfuga nyuki na mwalimu basini, masikio wazi kama kawaida yake.

"Kiwanda kimenunua hewa ukaa ya msitu wetu," mfuga nyuki alimwambia mwalimu jirani yake. "Sisi tusikate mti, wao waendelee kutoa moshi."

"Si mliitwa mkutanoni?"

"Mwenyekiti aliuliza mara tatu kama kuna swali. Mimi nilikuwa nalo: moshi wao utapungua lini? Nikaona haya, watu wameshachoka. Nikapiga makofi. Muhtasari ukaandikwa hakuna aliyepinga, na wanunuzi walitaka huo tu."

Mwalimu akaguna. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kuna anayeshuka?" konda akauliza, akarudia. Mfuga nyuki akashika dumu lake la asali, akainuka nusu, kimya.

Fundi uzalendo ukamshinda. "Shusha! Huyu baba anashuka!"

Basi likasimama.