Bi. Tekla Gidamis na Panya Waliokataa Kutengeneza Viota

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Tekla Gidamis anatimiza miaka sitini na kustaafu, baada ya kutunza panya wa kituo chetu cha utafiti hapa Endagikot kwa miaka ishirini na saba. Uongozi umeniomba mimi, Nurdin wa maabara, niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Wangeniuliza kwanza, ningewaambia kwamba pia nimemwonea wivu kuliko mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa Hirbadaw katika familia ya wafugaji. Aliajiriwa mwaka 1998 kama mfagiaji, na wiki tatu baadaye akahamishiwa chumba cha wanyama, kwa sababu mhudumu aliyekuwepo aling'atwa na panya akaacha kazi bila kuaga.

Kazi ya kituo ni kutafuta namna bora ya kutibu kwa antibiotiki maambukizi sugu ya mapafu, yale yanayomkohoza mtu mwaka hadi mwaka. Kabla dawa haijamfikia mgonjwa, tunaijaribu kwa panya weupe. Tunawaambukiza bakteria waliofungwa ndani ya punje ndogo za agari, yaani rojo iliyoganda itokanayo na mwani, ili mwili usiwatoe haraka, kisha tunawapa dawa na kupima mapafu yao.

Nina diploma ya hayo yote, na bado panya walining'ata mimi. Asubuhi za baridi Bi. Tekla alisimama nje ya mlango na kikombe cha chai mpaka viganja vipate moto, ndipo akaingia, na panya wakatulia mikononi mwake kana kwamba ni watoto wake. Nilijaribu chai hiyohiyo. Niling'atwa nikiwa nimeshiba. Wageni walipokuja walipiga picha naye, na mimi niliombwa nisogee kidogo.

Mwaka 2016 tulijaribu dawa mpya kwa wiki nne. Asubuhi iliyofuata dozi ya mwisho nilipima mapafu ya nusu ya panya, na hakuna bakteria hata mmoja aliyeota kwenye sahani zangu za kuoteshea vijidudu. Nilishangilia. Siku hiyohiyo nilianza kuandika ripoti kwamba dawa imeponya.

Bi. Tekla hakushangilia. Kila jioni huwawekea panya karatasi laini, na panya mzima huichana akatengeneza kiota. Wale waliobaki walilala juu ya karatasi nzima, hawakuigusa. Akaniambia mlangoni, "Kaka Nurdin, hawa bado wagonjwa. Kwetu ng'ombe aliyetibiwa harudi kundini mpaka amalize mwezi bila dawa. Tuwaache kwanza." Nilimjibu kwamba panya si ng'ombe, na yeye si mtafiti. Nilisema kwa sauti, ili wengine wasikie.

Waliachwa kwa sababu moja tu: sahani zangu zilikuwa zimekwisha. Zilipofika nyingine, mwezi ulikuwa umepita, na mapafu ya panya wale yalijaa bakteria. Asubuhi ile ya kwanza dawa ilikuwa bado imo mapafuni, ndiyo iliyozuia bakteria kuota. Ripoti yangu ingetoka, kuna wagonjwa wangeachishwa dawa mapema. Tangu hapo kila jaribio letu huacha baadhi ya panya mwezi mzima bila dawa kabla ya kuwapima.

Mkuu wetu, Dk. Helena, aliuliza kikaoni wazo hilo ni la nani. Nikasema ni langu. Nikapewa cheti, watu wakapiga makofi, na Bi. Tekla akapiga nao. Nilitamani alalamike, nipate sababu ya kumchukia vizuri. Hakulalamika. Kesho yake alinisalimia kama kawaida.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imechukua miaka tisa. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilishindwa kuumaliza, nikaenda kwa Dk. Helena kukiri. Kumbe alijua tangu mwaka uleule, kwa kuwa wazo lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la chumba cha wanyama kwa mwandiko wa Bi. Tekla. Alitaka kuninyang'anya cheti mbele ya wote. Bi. Tekla ndiye aliyemsihi aniache. Alisema, "Kaka ameshawaambia watoto wake." Sikuwahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea dakika ile. Hata kwa wema amenishinda.

Dada Tekla, leo utapokea cheti kipya chenye jina lako, na mimi ndiye nitakayekisoma. Nisamehe. Kituo kizima kinakushukuru kwa kazi yako, na tunakuombea afya, amani na mapumziko mema kwenu Hirbadaw. Watoto wangu niliwaeleza ukweli jana. Wako ukumbini, wameomba waje wakuamkie.