Mama Marcelline na Mawe ya Lusangi

Mimi ni mtu wa bahati, niseme wazi. Nimeendesha pikipiki ya kazi kati ya Kasongo na Kabambare, mvua na jua, na njia ile haijaniangusha hata siku moja. Bahati kubwa zaidi ni abiria wangu, Mama Marcelline Feza, mtaalamu wetu wa mawe ya chuma, anayestaafu tarehe 31 Machi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Jiwe likimvutia alilikwaruza kwenye kipande cha sahani nyeupe. Likiacha mstari mwekundu kama vumbi la tofali, alitabasamu: chuma kizuri hicho. Likiacha wa manjano, alikunja uso. Vipande vyake vikiisha aliomba kwa wenyeji, mpaka wamama wa kijiji cha Wamaza wakazoea kuficha vyombo wakisikia pikipiki yetu. Hata mimi, niliyeachia masomo darasa la nne, siku hizi nakwaruza. Muulizeni mke wangu Julienne kama tumebaki na sahani ya kulia.

Kazi yake kubwa ilikuwa kilima cha Lusangi. Alikichimbua msimu mzima, magunia yakajaa. Kampuni ikatuma habari: timu nyingine nayo ina mawe ya kilima kile, na atakayewahi ndege ya Jumamosi pale Kasongo ndiye ataandikwa kuwa amekigundua.

Msafara wetu wa pikipiki na wabebaji ukaondoka kwenda Kasongo. Karibu na Wamaza dereva mmoja wa msafara aliteleza kwenye daraja la miti, akavunjika mguu. Wabebaji walikuwa wachache: ama wabebe mawe, ama wabebe mtu. Dereva mwenyewe, kwa kiburi, alimwambia Mama atangulie na mawe, yeye atangoja. Mama akamwaga mawe yote kando ya njia, magunia akayafunga kwenye miti miwili yakawa machela.

"Mawe iko hapa tangu Mungu aumbe dunia," alisema. "Wewe, mutoto wa watu, nitakuokota wapi tena? Lala, unyamaze."

Ndege iliruka bila mawe yake. Kilima kikaandikwa jina la mwingine. Jumatatu Mama alirudi kazini, akaomba sahani.

Mama, aksanti sana. Nenda Kabambare ukapumzike, mihogo yako ijae, magoti yasikusumbue, wajukuu wakuletee mawe ya kila rangi. Tumekununulia sahani mpya. Hizi ni za kulia.

Na ile ya kusema njia haijaniangusha, ni uongo. Mguu ulikuwa wangu.